Usione Vyaruka, Vimeshonwa

Shangazi yangu alishona magauni ya harusi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo alikuwa na lalamiko moja tu: gauni la harusi huvaliwa mara moja.

"Nakaa na shanga mpaka macho yanaona mbili mbili," alizoea kusema, "halafu mwenyewe analivaa asubuhi, usiku analivua, kesho linaingia sandukuni na dawa ya mende. Kuna ndoa zimekwisha kabla gauni halijarudi kutoka kwa dobi."

Kujisifu hakukumpa taabu. Watu wengine husubiri wasifiwe kwanza ndipo waitikie. Yeye alianza mwenyewe, na ukichelewa kuitikia alirudia. Sifa yake kuu ilikuwa hii: hafumui. Washonaji wengine wakikosea hushika wembe wakafumua mshono, wakaanza upya. Yeye alidai kwamba tangu aage kwa bibi aliyemfundisha kazi hajafumua hata uzi mmoja. Sisi wa nyumbani tulijua dai hilo lina matundu mawili matatu, lakini nani atamwambia dada wa baba yake kwamba anaongopa? Tuliitikia, tukavaa mashati yenye kola zilizopinda kidogo.

Siku moja akaingia dukani mwake mwanamume mwenye oili mpaka viwikoni. Alisimama katikati ya magauni meupe, mikono kainyanyua juu kama mtu anayeporwa, asije akagusa kitu.

"Dada, nimeambiwa wewe unashona vitu vyeupe vikubwa."

Shangazi alimtazama kwa juu ya miwani. "Bibi harusi mnene kiasi gani?"

"Hana unene. Ana urefu wa mikono. Akiinyoosha, haingii humu dukani."

"Kaka, umekunywa?"

"Bado. Ni ndege."

Huyo ndiye Fundi Mkuu wa makumbusho ya ndege na magari ya zamani, na hivyo ndivyo shangazi yangu alivyohama kutoka kwenye harusi kwenda kwenye mabawa. Mimi nilikuwa tayari nafanya kazi hapo, natembeza wageni, kwa hiyo mengine yote niliyaona kwa macho yangu.

Makumbusho mengi ni makaburi yenye kiingilio. Unalipa, unaonyeshwa marehemu, unaambiwa usiguse. Yetu si hivyo. Yako pembezoni mwa mji, kando ya uwanja wa majani mrefu, mabanda matatu ya mabati, na kila kilichomo kinatembea. Lipo gari jekundu la zimamoto lenye kengele ya shaba. Lipo gari jeusi ambalo milango yake hufunguka kinyumenyume, na lipo jingine la magurudumu matatu ambalo kwenye kona huinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Chini ya kila gari limewekwa sinia la kukingia oili. Wageni huuliza mbona yanavuja. Nawaambia gari la zamani lisipovuja oili, ujue oili imekwisha.

Mzee aliyeyaanzisha alishafariki. Aliyapenda magari yake kuliko ndugu zake, na ndugu zake wenyewe watakuthibitishia. Aliacha sheria mbili, na hadi leo hakuna aliyethubutu kuzifuta.

Ya kwanza: kila mashine ina siku yake ya kuamka katika mwaka. Siku hiyo lazima iwake na ifanye kazi iliyoundiwa, mbele ya wageni, kabla lango halijafungwa. Gari litembee, ndege iruke. Isiyoamka siku yake hunyang'anywa mafuta na oili, inapelekwa Ukumbi wa Usingizi, na hairudi. Magari hufungiwa kamba. Ndege hutundikwa darini.

Ya pili: aliyefunga wa mwisho, hupanda wa kwanza. Yaani ukiwa wewe ndiye mtu wa mwisho kukaza kitu kwenye mashine, wewe ndiye abiria wake wa kwanza. Ukikaza breki za gari la zimamoto, utakaa mbele likishuka mteremko. Ndiyo maana breki za magari yetu zinashika kuliko za magari ya dukani.

Hii ya pili shangazi aliikataa siku ya kwanza kabisa.

"Hiyo ni sheria ya watu wa spana," alisema. "Mimi ni mtu wa sindano. Mshonaji havai gauni la bibi harusi."

Ukweli ni kwamba shangazi yangu anaogopa kuwa juu ya kitu chochote. Taa ya sebuleni kwake ikiungua, baba yangu huitwa kutoka upande wa pili wa mji aje apande kiti. Pazia zake hutundikwa na majirani. Ngazi kwake ni kitu cha kuegemeza ukutani, basi.

Ndege aliyoitiwa tunaiita Kerengende, kwa sababu ina mabawa mawili mawili kila upande na kiwiliwili chembamba. Ndani ni mbao na waya, nje ni kitambaa. Watu hawaamini. Wanadhani ndege zote ni bati. Lakini za zamani zilivikwa kitani, na kitani cha Kerengende kilikuwa kimeoza, ukikigusa kwa kidole, kidole kinaingia. Ilikuwa imelala miaka kadhaa, ikisamehewa siku yake mwaka baada ya mwaka, hadi Meneja wetu, mama mmoja mpole asiyebadilisha neno lake, akasema mwaka huu ndio wa mwisho. Akaagiza kulabu mbili nene zifungwe kabisa kwenye dari ya Ukumbi wa Usingizi.

Shangazi alipelekwa kuziona.

"Kwa hiyo isiporuka, itakaa pale?"

"Itakaa pale," akasema Meneja.

"Milele?"

"Watu wataiona vizuri tu, mama. Tutaiwekea taa."

"Sandukuni," akasema shangazi, kama anajisemea, na jioni ile alifunga duka mapema.

Hakuwahi kushona kitu kwa namna ile. Mabawa yaliletwa chini, yakalazwa juu ya meza za mbao kama wagonjwa. Alivua kitambaa kilichooza, akatanda kitani kipya, kisha akaanza kukishona kwenye mbavu, maana bawa lina mbavu kama mbuzi, nyembamba, za mbao, zimepangana kutoka shinani hadi nchani. Uzi aliupitisha kwenye donge la nta. Sindano ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto: anaichoma juu, inatokea chini, anainama, anairudisha upande wa pili wa ubavu, anafunga fundo. Halafu tena. Alipomaliza kushona alipaka ile dawa ya kukaza kitambaa, ambayo inanuka kama saluni nzima imepaka rangi ya kucha kwa pamoja. Kitani kikajivuta, kikakaza. Ukikipiga kwa kidole kinalia kama ngoma.

"Sikiliza," alikuwa akimwambia kila anayepita, akipiga. Ndu, ndu. "Niambie wapi kuna mkunjo."

Fundi Mkuu alipita akajifanya anatafuta. "Hapa."

"Hicho ni kivuli cha pua yako."

Wale wawili walitaniana hivyo kutwa. Fundi aliunganisha nyaya na vigurudumu vyake, shangazi akishona, na kila mmoja aliamini kwamba ndege ni kazi yake na mwenzake ni msaidizi. Shangazi alimwambia kuwa bila kitambaa ndege yake ni kitanda cha waya. Fundi akajibu kwamba bila waya bawa lake ni shuka. Mabawa yalipofungwa mahali pake siku moja kabla ya siku yenyewe, fundi ndiye aliyekaza skrubu ya mwisho, akajipiga kifua na kutangaza kuwa kesho atapanda yeye.

"Nenda na salamu zangu," akasema shangazi.

Siku ya Kerengende watu walikuja wengi. Baba yangu alikuja, amevaa ile kofia yake ya mazishi, maana hana nyingine. Ndege ilisukumwa hadi kwenye majani, mabawa yake ya rangi ya maziwa yaking'aa, mwilini ina mstari mwekundu. Rubani, mstaafu mwenye masharubu na tumbo la kustaafu, alijibana akaingia kiti cha nyuma. Cha mbele kilikuwa cha Fundi Mkuu, aliyekwisha kuvaa kofia ya ngozi na kutembea nayo huku na huku ili aonwe.

Kabla ya kuwasha injini, rubani hujaribu usukani. Kwenye ndege kama ile ni fimbo inayosimama katikati ya magoti. Ukiisukuma kulia au kushoto, waya unaopita ndani ya bawa la chini huvuta kijibao kilicho nyuma ya bawa, kikainuka au kushuka. Ndicho kinachoinamisha ndege ikitaka kukata kona. Rubani akasukuma kulia. Sawa. Akasukuma kushoto. Fimbo ikaenda kidogo, ikagoma, ikaenda tena shingo upande.

"Fundi," akaita bila kuinua sauti. "Upande wa kushoto una kinyongo."

Fundi Mkuu akaja mbio. Akasukuma mwenyewe, akakunja uso. Chini ya bawa kuna kidirisha kidogo cha kuchungulia kapi, kile kigurudumu ambacho waya hupitia. Akafungua, akamulika tochi, akatia kidole.

"Kapi linazunguka," akasema.

"Basi kwa nini fimbo haiendi?" akauliza Meneja.

"Kwa sababu kuna mtu kafunga shuka kwa nguvu mno," akasema fundi, akimtupia shangazi jicho.

"Mimi?" Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Kitambaa changu kinashika fimbo? Kaka, angalia makapi yako hayo ya tangu dunia haijaumbwa. Mimi kazi yangu unaiona. Haina mkunjo."

"Sijasema mkunjo."

"Na hutasema."

Wageni walikuwa wanafurahia kuliko kama ndege ingeruka. Lakini muda ulikuwa unakwenda. Fundi akalishusha kapi lote, akalifuta, akalitia grisi, akalirudisha. Fimbo ikagoma palepale. Nikamwona Meneja akigeuka kutazama paa la Ukumbi wa Usingizi, na fundi naye akamwona. Akavua ile kofia ya ngozi taratibu.

"Sikilizeni," akasema. "Lawama ni yangu. Kapi limechakaa na mimi ndiye niliyesema litafaa. La kuchonga jipya halitapatikana leo. Mama Meneja, fanya unavyofanya."

Hakukuwa na utani katika sauti yake, na ndilo lililomshtua shangazi. Alikuwa amesimama kando ya bawa la kushoto, kiganja kakiweka juu ya kitani, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Rubani, kwa kukata tamaa, akaisukuma fimbo mara moja zaidi.

Nikamwona shangazi anabadilika uso.

"Rudia," akasema.

Rubani akarudia. Shangazi akainama, sikio karibu na bawa, kiganja kikiwa palepale. Chini ya kidole chake cha shahada kitani kilifinyana, kidogo tu, kama kope la mtu aliyeingiwa na vumbi, kisha kikanyooka. Mtu mwingine asingekiona. Yeye alikuwa amekesha na bawa lile, na alijua hapo palikuwa na nini. Palikuwa na fundo lake.

Sasa fikiria. Lawama imekwisha pata mwenyewe. Fundi Mkuu kaibeba kwa hiari, mbele ya watu. Angenyamaza tu, sifa yake ya kutofumua ingebaki nzima, na Kerengende ingekwenda kulabuni na mshono usiokuwa na mkunjo hata mmoja, yenye taa, watu waje waone. Chuoni tulifundishwa habari za makapi na waya lakini hiyo ilikuwa sura ya saba na mimi niliishia ya sita, kwa hiyo sikuelewa anafikiri nini. Nilichokijua ni kwamba shangazi yangu amenyamaza, na hilo peke yake lilitosha kuita daktari.

"Bwana Fundi," akasema mwisho. "Liache hilo kapi la watu. Nipe wembe."

Fundi akamtazama kana kwamba hakusikia. "Wembe wa nini, dada?"

"Nataka kufumua."

Baba yangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasimama. Nadhani alitaka kuwa amesimama jambo lile likitokea.

Akachana. Alitoboa kidirisha juu ya bawa, sawa na kiganja cha mtu, na ndani yake, kwenye kivuli, tuliona wote. Siku ile alipokuwa akishona, waya ulikuwa bado haujakazwa, umelala legelege ndani ya bawa. Sindano yake ndefu ilishuka upande mmoja wa ubavu na kupanda upande wa pili, na ikauchukua waya katikati. Uzi wake wa nta ulikuwa umeukumbatia waya na ubavu kwa pamoja, kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake sokoni.

Fundi Mkuu akachungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Dada. Umeushona usukani."

"Nimeona."

"Na fundo zuri."

"Mafundo yangu yote mazuri. Shika tochi, acha maneno."

Akaukata uzi. Rubani akasukuma fimbo, ikaenda kushoto laini kama mkono ndani ya mfuko. Fundi akacheka mpaka akakaa kwenye majani, na nadhani nusu ya kicheko kile ilikuwa ni mzigo kutua. Shangazi hakucheka. Aliushona upya ule ubavu, safari hii fundi akiuvuta waya pembeni kwa kidole, halafu akatafuta kitambaa cha kiraka. Kitani cha rangi ya maziwa kilichokwisha kupakwa dawa hakikuwapo. Kilichokuwapo ni kipande chekundu kilichobaki kwenye ule mstari wa mwilini.

"Kitaonekana hadi mjini," akaonya Meneja.

"Kionekane."

Akakibandika, akakipaka dawa, jua likaachiwa kazi ya kukausha. Mimi nikatumwa kuwazuia wageni wasiondoke. Niliwaonyesha gari la milango ya kinyumenyume mara mbili, na mara ya pili niliwaambia ni jingine.

Kiraka kilipokauka, akakipiga kwa kidole. Ndu. Akaitika kwa kichwa. Ndipo akageuka, akakuta tumemzunguka, wote tunamtazama, na Fundi Mkuu amemnyooshea kofia ya ngozi.

"Nini?"

"Aliyefunga wa mwisho," akasema fundi.

Shangazi akaitazama kofia kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sahani. "Tulishaelewana kuhusu hilo. Mimi mtu wa sindano."

"Ni kweli, mlielewana," Meneja akasema, kwa upole wake ule.

Fundi akamwona anarudi nyuma hatua moja. Akasogea karibu, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa nyuma yake. "Dada, sheria tutaipindisha. Nitapanda mimi. Hakuna atakayesema kitu."

Hapo angeweza kupona. Mlango uliachwa wazi kabisa.

"Upande wewe," akasema shangazi, "na uzi niliofunga mimi?"

"Nauamini uzi wako."

"Hata asubuhi uliuamini." Akaitwaa kofia. "Ukianguka nitamwambia nini mkeo? Nisaidieni kupanda. Na mtu asinisukume."

Walimsaidia watatu, baba yangu mmojawapo, akimshika mkono na kumwambia, "Dada, ni kama kiti tu, kile cha kubadilishia taa," na akajibiwa kwamba kile kiti hajawahi kukipanda vilevile. Wakamfunga mikanda. Fundi akazungusha rafadha, lile panga la puani, kwa mkono, injini ikakohoa, ikatema moshi wa bluu, ikashika. Kerengende ikaondoka kwenye majani ikiyumbayumba kama bata, mkia ukanyanyuka, halafu pakawa na mwanga kati ya magurudumu na ardhi.

Sikujua baba yangu anaweza kupiga mluzi.

Ilizunguka uwanja, ikakata kona kushoto. Kushoto hasa, rubani alifanya makusudi. Bawa likainama na kiraka kikatugeukia, chekundu, kidogo, mahali pake. Fundi Mkuu akavua kofia ambayo hakuwa nayo. Lango lilikuwa bado wazi na watu wamejipanga hadi barabarani.

Waliposhuka, tulimkimbilia. Alikaa kwanza, mikono imeshika ukingo wa kiti, kofia imempinda. Kisha akaanza kufungua mikanda kama mtu aliyefika kituo chake.

"Haya, shangazi," nikamuuliza, "mji ukoje kutoka juu?"

"Mji upi?"

"Huu. Si umeuona wote?"

"Sijaona mji wowote. Nilikuwa naangalia kiraka."

"Safari nzima?"

"Kingebanduka angekishika nani? Wewe?"

Siku hizi Kerengende huruka, na siku zake si moja tu kwa mwaka, kwa sababu watu wanaiulizia. Kulabu za Ukumbi wa Usingizi zilikaa bure mpaka shangazi alipozidai. Sasa zimehamishiwa dari ya chumba chake cha kushonea pale makumbusho, moja ina feni, nyingine ina gauni la mteja mvumilivu. Meneja alijitolea kununua kitani cha rangi ya maziwa ili kiraka kibadilishwe kisivute macho. Alijibiwa kwamba mshonaji huyu hafumui.

Na nikipita na wageni wakashangaa ndege ya kitambaa kuruka, yeye huacha alichokishika, akawasogeza mmoja mmoja hadi kwenye bawa la kushoto. "Usione vyaruka," huwaambia, "vimeshonwa." Halafu hukipiga kile chekundu kwa kidole ili wasikie. Ndu.